Je, wajua kwa nini paka mnene hapunguzwi kwa kushindishwa njaa?

Jirani yangu hapa Bombo, Hajati mmoja mwenye duka la nafaka, ana paka dume anayeitwa Afande. Alipewa jina hilo akiwa mdogo, kwa sababu ya mwendo wake wa kuukagua uwanja mzima kila asubuhi kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Siku hizi hakagui kitu. Baada ya kuhasiwa alianza kujaa taratibu, mpaka mwaka huu akawa akiketi anamwagika sakafuni kama gunia la maharagwe lililofunguliwa mdomo, na panya wa ghalani wakawa wanapita mbele yake bila haraka. Hajati akakata shauri la kizamani: asipewe chochote kwa siku 3, njaa itamrudisha kazini. Jioni ya siku ya pili nilimkuta Afande amejilaza kando ya mlango, sahani yake imefunikwa chini juu, nikamsihi Hajati amrudishie chakula usiku ule ule.

Aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu vizuri nikiwa nimesimama mlangoni, na ndilo ninalolijibu hapa. “Mwanangu, mbwa akikosa chakula siku mbili hana neno, na sisi tunafunga mwezi mzima. Huyu mwenye akiba ya mafuta kila mahali atadhurika vipi?”

Kuhusu sisi jibu ni jepesi, kwani anayefunga hufuturu jioni na kula daku alfajiri, kwa hiyo mwili wake haukai bila chakula hata siku moja kamili. Kuhusu paka, jibu limo katika ini lake, na ajabu ni kwamba ile akiba ya mafuta ambayo Hajati aliitegemea imwokoe ndiyo hasa inayomhatarisha.

Paka ni mla nyama kwa maumbile, wala si kwa kupenda tu. Mtu au mbwa anaweza kuishi kwa chakula chenye wanga mwingi na nyama kidogo, na protini inapopungua mwili wake hupunguza kasi ya kuivunja ili ile iliyopo itumike kwa uangalifu. Ini la paka halina uwezo mkubwa wa kujibana hivyo. Vimeng'enya vyake vinavyovunja protini huendelea na kazi muda wote, kwa kuwa paka hutengeneza sehemu kubwa ya sukari ya damu yake kutokana na protini hiyo, awe amekula au hajala. Asipokula, mwili huanza kula misuli yake wenyewe, na wakati huo huo mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na tumboni huachiliwa kwa wingi, yakasafiri katika damu hadi kwenye ini ili yageuzwe nguvu.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ili ini liyatoe mafuta yanayoliingia kwa wingi kuliko linavyoweza kuyachoma, ni lazima liyafungashe pamoja na protini kabla ya kuyarudisha katika damu, na protini yenyewe ndiyo iliyokosekana. Mafuta yanaendelea kuingia, hayatoki, yanajaa ndani ya chembe za ini hadi zishindwe kufanya kazi. Paka aliyefikia hapo hukataa chakula hata kikiletwa, hutapika, hutokwa na mate, na ukimwangalia ufizi, weupe wa macho na upande wa ndani wa masikio unaona rangi ya manjano. Paka mnene ana mafuta mengi zaidi ya kuachilia, ndiyo maana huanguka haraka kuliko mwembamba, na siku 2 au 3 bila kula zinatosha kuanzisha ugonjwa huu. Tiba yake kubwa ni kulishwa, mara nyingi kwa mrija kwa wiki kadhaa, na asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Kwa hiyo paka mnene aliyemaliza siku nzima hajagusa chakula, hata kama hakuna aliyemnyima, ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo, huyu ambaye wengi wetu humwita pale tu ng'ombe anapougua.

Basi paka hupunguzwa kwa kula. Kinachobadilishwa ni kiasi na aina ya chakula, na kabla ya hapo ni vyema kuhakikisha kwamba unene ni unene kweli. Weka viganja vyako ubavuni mwa paka bila kukandamiza: mbavu za paka mwenye afya unazihisi chini ya ngozi kama unavyohisi mifupa ya upande wa juu wa kiganja chako, na ukimtazama kutoka juu unaona kiuno kimebonyea nyuma ya mbavu. Ukilazimika kukandamiza ndipo uzipate, na kiuno kimepotea, basi amezidi. Ngozi inayoning'inia chini ya tumbo na kuyumba anapotembea isikutishe, maana paka wengi wanayo hata wakiwa wembamba. Tumbo kubwa lenye mbavu zinazoonekana ni jambo jingine kabisa. Hilo mara nyingi ni minyoo, mimba au maradhi.

Afande tulimpima dukani, kwenye mizani ile ile ya maharagwe, akiwa ndani ya kikapu cha ukindu kilichofunikwa kwa kanga. Kikapu kitupu kilikuwa gramu 700, na yeye akiwa ndani ikawa kilo 6 na gramu 700. Wateja wawili walisubiri kwa heshima. Kwa umbo na mifupa yake, uzito unaomfaa ni kama kilo 4.5.

Kwa hesabu wanayotumia madaktari wa mifugo, paka ambaye uzito wake sahihi ni kilo 4.5 huhitaji takriban kalori 216 kwa siku akiwa ametulia tu, na anayepunguzwa huanzishiwa kwa kawaida asilimia 80 ya hizo, yaani kama kalori 173. Angalia kwamba hesabu inafuata uzito unaotakiwa, si kilo 6 alizonazo, kwa sababu ukimlisha kwa kufuata unene wake unaulisha unene huo. Chakula kikavu cha punje kinachouzwa katika supamaketi na maduka ya dawa za mifugo kwa kawaida kina kalori kati ya 350 na 400 katika gramu 100. Kwa hiyo, kama Afande angelishwa hicho peke yake, mgawo wake wa siku nzima ungekuwa gramu 45 hivi, chini ya nusu ya kikombe cha kawaida cha chai. Hajati alikuwa akijaza kikombe kizima kila asubuhi, na hicho alikihesabu kama kitafunwa tu kabla ya chakula chenyewe.

Chakula chenyewe kilikuwa posho, yaani ugali wa mahindi, iliyochanganywa na mukene, wale dagaa wakavu, na jioni bilauri ya maziwa. Maziwa ndiyo yaliyonishangaza zaidi nilipokaa kuyahesabu. Mililita 200 za maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta zina kalori zisizopungua 120, ambazo ni zaidi ya theluthi mbili ya mgawo wote wa paka huyu kwa siku, na juu ya hayo paka wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kuimeng'enya sukari ya maziwa, kwa hiyo huharisha. Sisi tunaona paka analamba maziwa kwa furaha tukadhani anayahitaji, ilhali anachokihitaji ni maji. Kuyaacha maziwa peke yake kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko jambo jingine lolote katika nyumba nyingi.

Posho nayo kwa sehemu kubwa ni wanga wa mahindi. Unga wake una kalori zipatazo 360 katika gramu 100, na paka hana haja nao. Wala si kwamba anaipenda, kwa sababu paka haonji utamu hata kidogo: mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba jeni, yaani chembe ya urithi, inayohitajika kuunda kionjo cha utamu ulimini mwake ni mbovu. Anaila kwa sababu imepakwa harufu ya samaki. Ukimwondolea posho ukamwachia samaki, hujamnyima kitu anachokitambua.

Mukene ni chakula chema kwa kadiri yake, kwa kuwa ni protini nyingi, na protini ndiyo inayolinda misuli isiliwe pamoja na mafuta wakati paka anapungua. Ila waoshwe mara mbili tatu, hasa wale walioanikwa mchangani, kisha wachemshwe bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wa mezani si wake. Kuchemsha kuna faida nyingine pia, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, nacho huvunjwa na moto. Hata hivyo paka asilishwe samaki peke yao miezi yote. Chakula kilichotengenezwa kikamilifu kwa ajili ya paka kimetiwa taurini, kirutubishi ambacho akikikosa macho na moyo wake huweza kuharibika, pamoja na vitamini E na vitu vingine, na sufuria ya nyumbani haivitoi kwa kipimo cha uhakika. Afadhali hicho kiwe msingi, na mukene au vipande vya nyama isiyo na mafuta viwe nyongeza inayohesabiwa ndani ya zile kalori 173.

Mwenye uwezo wa kununua chakula cha mkebe atapata nafuu moja kubwa: zaidi ya robo tatu ya uzito wake kwa kawaida ni maji, kwa hiyo gramu 100 mara nyingi hazizidi kalori 100, na tumbo la paka hujaa kwa kalori chache. Ubadilishaji wenyewe ufanyike polepole kwa siku 7 hadi 10, kidogo cha kipya ndani ya kingi cha zamani, kisha uwiano ugeuzwe, kwa kuwa paka ni mkaidi na akikataa kabisa tunarudi kwenye hatari ile ile ya ini. Kupasha chakula joto kidogo, lisizidi joto la mwili, huongeza harufu na kumshawishi.

Mgawo wa siku usitolewe kwa mkupuo mmoja. Paka wa porini huishi kwa windo dogo dogo. Panya mmoja humpa kama kalori 30, kwa hiyo hula mara nyingi, kidogo kidogo, usiku na mchana. Milo 4 midogo humtuliza kuliko 2 mikubwa. Hajati alichukua chupa ya maji ya plastiki, akaitoboa matundu mapana kidogo kuliko punje, akatia humo chakula cha mchana. Siku ya kwanza Afande aliitazama chupa kwa dharau. Siku ya tatu alikuwa akiisukuma uwanjani kwa mguu, punje zikidondoka moja moja.

Kasi inayofaa ni kupungua asilimia 1 hivi ya uzito kwa wiki, na isizidi 2. Kwa Afande hiyo ni gramu 60 mwanzoni, na kilo 1.5 zitachukua nusu mwaka au zaidi kidogo. Apimwe kila baada ya wiki 2, kwa mizani ile ile na kikapu kile kile. Akipungua haraka mno anaongezewa. Asipopungua kabisa, kwanza wanaulizwa watoto wa nyumbani na majirani, kwa sababu aghalabu kuna sahani ya pili mahali fulani. Kwa Afande ilikuwa kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara.

Atakapofika kilo 4.5 mgawo utaongezwa kidogo kidogo hadi uzito usimame, lakini hautarudi kwenye kikombe kizima. Paka aliyehasiwa huhitaji chakula pungufu kwa takriban robo kuliko ambaye hajahasiwa, huku hamu yake ikiwa imeongezeka, na hali hiyo haibadiliki tena. Hajati amekichora kikombe mstari kwa rangi ya kucha, na kila anayeingia jikoni ameshaonyeshwa.