Matembezi Guangzhou: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Eastleigh wanaofuata bidhaa Guangzhou, China, huamini kwamba jiji hilo ni la maghala na makontena tu, na kwamba anayetaka kustarehe hana budi kwenda Shanghai au Hong Kong. Dhana hiyo imezaliwa na ratiba ya safari: mgeni hulala mtaa wa Xiaobei, hushinda sokoni, kisha hurudi hotelini kufunga mizigo. Ilhali kutoka Xiaobei hadi Bustani ya Yuexiu, kwa treni ya chini ya ardhi, ni vituo viwili. Kuingia bustanini ni bure, na humo upo Mnara wa Zhenhai uliojengwa mwaka 1380, lipo ziwa lenye mashua za kukodi, na asubuhi, hasa za mwisho wa wiki, wapo wazee wanaoimba kwa pamoja, wanaocheza karata na wanaopigiana kwa miguu kidude chenye manyoya kiitwacho jianzi. Mgeni akisimama kutazama, si ajabu naye akapigiwa.

Wengine hudhani kwamba raha ya Guangzhou ni ya gharama, kwa kuwa picha zinazosambaa ni za Canton Tower, wenye urefu wa mita 600. Kuupanda ni ghali kweli, lakini kwa maoni yangu mnara huo hupendeza zaidi ukitazamwa usiku kutoka ng'ambo ya Mto Pearl, na kutazama hakulipiwi. Kisiwa cha Shamian, walikojenga Waingereza na Wafaransa katika karne ya 19, nacho hutembewa bure, chini ya miti mikubwa.

Kuhusu lugha, hofu imezidi kiasi. Ramani za Google ndizo zisizotegemewa huko; programu ya ramani iitwayo Amap, pamoja na jina la mahali lililoandikwa kwa Kichina, hutosha kumfikisha mtu.

Dhana iliyobaki ni kwamba Mwislamu hana pa kwenda. Msikiti wa Huaisheng, uliomo jijini humo, ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa nchini China, na migahawa ya halali ipo Xiaobei kwenyewe. Tahadhari ya kweli iko kwenye nyumba za chai, ambako familia huketi asubuhi nzima wakila vitafunio vya mvuke: vingi vina nguruwe, hata vile vinavyoonekana kuwa vya kamba tu, kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kuagiza.