Bunduki ya gumegume: mtambo haukai popote ubao ulipoacha nafasi

Karibu kila mteja anayeniletea gobore la gumegume (bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe) aliloanza kuliunda mwenyewe, hasa lile refu la mtindo wa Pennsylvania wa karne ya 18, huwa anaamini kwamba mtambo, yaani sehemu inayopiga cheche, hukaa pale ubao wa bunduki ulipouachia nafasi, na kwamba tundu la kupitishia moto hadi kwenye baruti litatobolewa mwishoni, popote kifa, yaani kibakuli cha baruti ya kuwashia, kitakapoangukia. Nimechoka kuirekebisha dhana hii.

Ukweli ni kwamba vipimo vyote huanzia ndani ya mtutu, kwenye uso wa mbele wa kizibo kinachoufunga kwa nyuma. Mbele ya uso huo ndipo baruti inapokaa. Nyuma yake ni chuma na hesi tu, yaani mizunguko ya skrubu inayokishika kizibo. Fundi huingiza ufito mdomoni mwa mtutu hadi ugote kizibo, huutia alama, kisha huulaza ufito huohuo kwa nje na kuchora mstari pale unapoishia. Tundu, ambalo kipenyo chake ni karibu milimita 1.6, hukaa mbele kidogo ya mstari huo, na mtambo ndio unaosogezwa hadi katikati ya kifa kulielekee tundu, usawa wa ukingo wa juu wa kifa. Kwa hiyo mtutu na mkia wa kizibo (ulimi wa chuma unaotokeza nyuma yake) hutangulia kuzamishwa kwenye ubao, mtambo ukafuata, na kifyatuo kikaja baadaye, kwa kuwa mahali pake hutegemea mkono wa mtambo kinaousukuma.

Anayeanza na mtambo hujikuta tundu limeangukia nyuma ya uso wa kizibo. Hapo huchonga mfereji kwenye kizibo ili moto upite, na mfereji huo hujaa masizi na unyevu, kutu ikaanza kuzila hesi zilezile zinazoukinga uso wa mpigaji. Bunduki ya namna hiyo siipokei kwa marekebisho madogo. Mtambo utahamishwa, ubao uzibwe na kuchongwa upya, hata kama mwenyewe ameshaupaka mafuta ukang'aa.

Wapo wanaosema gundi itaziba mianya. Itaziba, lakini haipangi kitu: bamba la mtambo lisilolala sambamba na bapa la mtutu hupindwa kila bolti zinapokazwa, na baruti ya kifa hupenya kati ya bamba na mtutu.

Wengine hudai kwamba mafundi wa zamani walikadiria kwa macho. Sivyo. Walikipaka chuma masizi ya taa, wakakikandamiza kwenye ubao, wakakitoa, wakachonga pale tu palipobaki doa jeusi, wakarudia hadi doa lienee kote. Katika karakana ya bunduki ya Colonial Williamsburg, makumbusho ya mji wa kale jimboni Virginia, Marekani, kazi hii bado hufanywa kwa zana za mkono.

Mwisho ni tundu la mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, linalodhaniwa kunyooka lenyewe. Keekee ndefu hupotoshwa na nyuzi za mti, ilhali kati ya tundu hilo na mtutu hubaki ubao wa milimita 3 hivi tu, na bolti ya mbele ya mtambo hupita hapohapo. Mimi hutoboa kitundu chembamba kwenye sakafu ya mfereji wa mtutu, mahali patakapofunikwa, nikapima kwa waya unene uliobaki kabla ya kuigusa bolti. Anayeona huo ni usumbufu atauona mdeki wake ukigota katikati ya safari.