Msaada wa kupumua kwa barakoa kwa mtoto anayehema hafifu usingizini

Wapo watoto ambao mchana hupumua vizuri tu, ila wakilala pumzi zao huwa fupi na hewa ukaa haitoki yote mwilini. Hali hiyo ndiyo upumuaji hafifu wa usingizini. Kwa mtoto, wataalamu huithibitisha pale presha ya hewa ukaa kwenye damu inapopita milimita 50 za zebaki kwa zaidi ya robo ya muda aliolala.

Kwa nini usiku? Katika usingizi wa ndoto misuli ya mbavu hulegea, kazi ikabaki kwa kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, peke yake. Mtoto mwenye ugonjwa wa misuli, kwa mfano Duchenne, kiwambo chake hakiuwezi mzigo huo. Wengine misuli yao ni mizima, ila ubongo hautoi amri ya kuhema ipasavyo wakishalala. Dalili ni rahisi kuzipuuza: kichwa kinachouma asubuhi kisha kikaacha, jasho jingi usiku, kusinzia darasani.

Kosa kubwa ni kumpa oksijeni peke yake. Kipimo cha kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kitasoma asilimia 97 na kila mtu atatulia, kumbe hewa ukaa inaendelea kupanda, kwa sababu kipimo hicho hakiioni. Tatizo lake ni kusukuma hewa, na oksijeni haisukumi chochote.

Kinachosukuma ni mashine ya presha mbili. Inapuliza hewa ya kawaida kupitia barakoa, bila mrija kooni wala tundu shingoni. Mtoto akivuta pumzi, presha inapanda; akiitoa, inashuka. Tuseme ya juu ni sentimita 10 za maji na ya chini ni 4. Zile 6 za katikati ndizo zinazoinua kifua. Ukipandisha zote mbili, ya juu 12 na ya chini 6, tofauti ni ile ile 6, na mtoto hajaongezewa msukumo wowote. Mashine ya presha moja ni kitu kingine: hiyo huzuia koo lisizibe, lakini haimhemei mtu.

Mashine hupangiwa pia idadi ya chini ya pumzi kwa dakika, ili mtoto asipoanza mwenyewe, ianze yenyewe. Kwa mtoto mchanga jambo hili lina uzito wake, kwani pumzi yake inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba mashine haiihisi. Vipimo vyote hivi hupangwa na kubadilishwa na daktari, mtoto akiwa amelala na hewa ukaa ikipimwa.

Lakini mambo huharibikia kwenye barakoa kuliko kwenye mashine. Ikivujia machoni, macho hukauka na kuwa mekundu. Mdomo ukiachama, hewa ya barakoa ya pua hutokea huko. Wengi hukimbilia kukaza mikanda, na hapo ndipo kidonda kinapoanza juu ya pua. Wekundu usioondoka nusu saa baada ya kuvua barakoa ni onyo. Afadhali kubadilisha saizi, au kuwa na barakoa mbili za umbo tofauti zipokezane. Tena mifupa ya uso bado inakua: mkandamizo wa miaka mingi unaweza kuirudisha nyuma sehemu ya kati ya uso, hivyo uso huo ukaguliwe kila kliniki.

Vile vitundu vidogo vya barakoa visizibwe hata vikipiga kelele, maana ndivyo vinavyotoa hewa aliyoitumia mtoto. Mashine ikizimika, barakoa ivuliwe mara moja, la sivyo atarudia kuvuta hewa yake mwenyewe. Ile inayofunika pua na mdomo asivalishwe mtoto asiyeweza kuivua kwa mikono yake, isipokuwa kuna mtu wa kumwangalia usiku kucha: akitapika, matapishi hayana pa kutokea na yanaweza kuingia mapafuni.