Kabla ya Kuuliza Mwaka, Uliza Njaa Ilikuwa Ipi

Familia nyingi za Nyanza na magharibi mwa Kenya zina mzee mmoja ambaye habari zake hukatika ghafla. "Alienda Kariakoo, hakurudi." Ukiuliza zaidi, unaambiwa hayo ndiyo yanayojulikana. Vijana wakisikia jina hilo hufikiria soko, na wako waliokua wakiamini kwamba baba wa babu yao aliitupa familia akaoa kwingine.

Kazi yangu ni kutunza nyaraka za umma hapa Kisumu. Wanaokuja kutafuta habari za ukoo huniuliza waanzie wapi, nami huwaambia wasianze na mtu wao. Waanze na nchi ilivyokuwa siku zake. Habari ya mtu mmoja ikisimama peke yake haieleweki. Iweke kando ya vita, maradhi, kodi na ukame wa wakati wake, uone inavyofunguka.

Tuichukue hiyo hiyo Kariakoo. Ilikuwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichoundwa mwaka 1914, vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika vilipoanza. Magari hayakuweza kupita kwenye matope ya huko, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo risasi, unga na majeruhi vilibebwa na watu. Mwaka 1917 serikali ilikusanya wanaume kwa nguvu, na msimamizi wa zoezi hilo alikuwa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza kwa miaka mingi. Kila chifu alitakiwa kutoa watu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa majina kwenye kumbukumbu yoyote. Kwa hiyo "alienda" yawezekana kabisa ilikuwa "alichukuliwa", na kama nyumbani hakuna anayejua zaidi, ni kwa sababu hakuna aliyetumwa kuleta habari. Mzee aliyelaumiwa kwa vizazi vitatu anastahili kuangaliwa upya.

Tarehe ndizo zinazokwamisha watu zaidi. Usajili wa lazima wa vizazi uliwafikia Waafrika wilaya baada ya wilaya kuanzia miaka ya 1960. Mzee aliyezaliwa kabla ya hapo, mwaka ulio kwenye kitambulisho chake mara nyingi ulikadiriwa na afisa, na ukiona 1 Januari ujue hivyo ndivyo ilivyokuwa. Muulize nyanya jambo analoweza kulijibu: nzige walipokuja, alikuwa ananyonya, anachunga mbuzi au ameshaolewa? Nzige wale ambao Wajaluo wanawakumbuka kwa jina la Nyangweso walikula mashamba karibu na mwaka 1931. Nyuma yake kuna njaa ya 1918 na 1919, iliyokuja pamoja na homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Nyuma zaidi kuna ugonjwa wa malale ulioenea kando ya ziwa mwanzoni mwa karne, na sotoka iliyomaliza ng'ombe miaka ya 1890. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Watu walikimbilia dhahabu ya Kakamega mwaka 1931 na 1932. Vijana waliopelekwa Burma kupigana Vita vya Pili vya Dunia walirudi baada ya 1945. Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa anaweza kukuambia bila kusita alikuwa na kimo gani katika mojawapo ya nyakati hizo.

Matukio haya hufanya zaidi ya kutoa tarehe. Ukoo unaosimulia kwamba ulihama ufuoni kwa sababu ya laana huenda ulikimbia malale. Familia inayosema babu "alipenda sana kazi za Wazungu" itazame kodi ya nyumba ilianza lini kwao: kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa kazi ya mshahara, iwe kwenye reli, kwenye mashamba ya walowezi Nakuru au baadaye kwenye chai ya Kericho na miwa ya Miwani.

Majina nayo husaidia, ila kwa tahadhari. Wanjala na Nanjala kwa Wabukusu ni watoto wa wakati wa njaa, Wafula ni wa mvua, na Barasa alizaliwa siku ya baraza. Kipkemei wa Wakalenjin ni wa kiangazi. Lakini jina hurithiwa. Wanjala aliyezaliwa mwaka wa mavuno mengi anaweza kuwa amepewa jina la ami yake, na njaa unayoitafuta ni ya huyo ami. Rika ni dira bora. Wabukusu hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, na majina ya marika yao, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, huzunguka na kurudi baada ya karibu miaka 100. Wanandi na Wakipsigis wana mzunguko wa namna hiyo. Ukiambiwa mzee fulani alikuwa Maina, hakikisha ni Maina wa mzunguko upi, la sivyo utamweka mtu wako karne nzima mbali na wanawe.

Orodha za nasaba tunazokaririwa karibu zote ni za wanaume. Fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, hadi kwa aliyetoka kaskazini au aliyevuka ziwa. Wasiozaa wameanguka njiani, ndugu wawili wamegeuzwa kuwa baba na mwana, na mabinti hawamo kabisa. Naona hili ndilo pengo kubwa kuliko yote. Kwa Wajaluo, watoto wa kike walilala siwindhe, nyumbani kwa bibi mzee, na huko ndiko masimulizi mengi yalikopokezwa. Ukiwahoji wanaume peke yao utapata nusu, nayo ni ile nusu ya mashamba na mipaka. Waulize kina mama walivyoitwa walipoolewa. Nyar Gem, nyar Sakwa, nyar Alego, yaani binti wa Gem, wa Sakwa, wa Alego: kila mmoja wao alikuja na ukoo wake, na ukiyapanga majina hayo kwa vizazi utaona watu wenu walikuwa na ujamaa na nani, na ni lini waliacha kuoana na majirani fulani. Mara nyingine ndipo inapojulikana kwamba nyanya mkuu hakuwa Mjaluo hata kidogo, alitoka Bunyore au Unandi, pengine aliletwa mwaka wa njaa ili abadilishwe na nafaka. Habari kama hiyo isikilizwe kwa heshima. Haikuwa aibu yake.

Hapo pia tujihadhari na makabila ya leo. Mtu wa Maragoli au Marama mwaka 1900 hakujiita Mluhya. Jina hilo la pamoja lilishika miaka ya 1930 na 1940, na lile la Wakalenjin miaka ya 1940. Wasuba wa Rusinga na Mfangano walitokea upande wa Uganda, na wajukuu wao wakakua wakizungumza Kijaluo. Ukitafuta babu aliye safi wa kabila moja tangu mwanzo utachoka, na utawapuuza jamaa zako wa kweli.

Karatasi nazo zipo, nyingi kuliko watu wanavyodhani. Anza nyumbani. Vile vijitabu vya mazishi ambavyo huwekwa chini ya godoro vina wazazi, shule, waajiri na watoto wa marehemu. Tafuta kipande: kuanzia 1919 na 1920 kila mwanaume wa Kiafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba, nacho kilikuwa na alama za vidole, mahali alikotoka, waajiri wake na mshahara. Vitabu vya ubatizo ni hazina. Wamisionari wa Marafiki, yaani Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902, mapadre wa Mill Hill Kisumu mwaka 1903, na Waanglikana wakaanzisha shule Maseno mwaka 1906. Kumbuka tu kwamba wengi wa kizazi cha kwanza walibatizwa wakiwa watu wazima.

Nyaraka za serikali zisome ukijua aliyeziandika. Karani aliandika jina alivyolisikia, naye mkuu wa wilaya aliandika alichotaka Nairobi isikie. Tarehe 19 Oktoba 1905 Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa amani. Mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea lawama. Wanandi hawakuacha kusimulia kwamba kiongozi wao aliuawa kwa hila, na leo ni simulizi lao wanahistoria wengi wanalolikubali. Karatasi haimshindi mzee kwa sababu tu imepigwa muhuri, wala mzee haishindi karatasi kwa sababu tu ana mvi. Andika kauli zote mbili, na kando ya kila moja andika nani aliisema, lini, na aliisikia kwa nani.

Yapo yatakayouma. Utakuta mlikuja mlipo mkiwa jodak, wageni waliopewa mahali pa kulima, au kwamba babu alikuwa askari wa chifu aliyechukua mbuzi za wajane kwa ajili ya kodi. Ushauri wangu ni kuyahifadhi yote, lakini kabla ya kuyaweka kwenye WhatsApp ya ukoo, wazee wakae kwanza. Kesi za mashamba bado ziko mahakamani, na simulizi moja linaweza kuwafukuza watu.

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi, na ina vituo Kisumu, Kakamega na Nakuru. Kama mzee wako alizaliwa kwenye shamba la mlowezi Rongai au Njoro, kaanze Nakuru hata kama kaburi lake liko Butere. Njoo na jina la lokesheni, la chifu wa wakati ule na la wilaya kwa jina lake la zamani: faili za Kakamega zinaitwa North Kavirondo, za Kisumu na Siaya Central Kavirondo, za Kisii na Migori South Kavirondo. Na kama unatafuta jambo lililotokea kabla ya Aprili 1902, jua kwamba eneo hili lote hadi Naivasha lilikuwa sehemu ya Uganda, na taarifa zake zilipelekwa Entebbe.