Ya juu inapanda, ya chini inashuka: aota ikishakakamaa

Wazee wengi wanaokuja kliniki wanazijua namba zao za presha kwa kichwa. Wiki hii mama mmoja wa miaka 74 alisoma yake kwenye mashine kabla sijafungua mdomo: 172 kwa 68. "Daktari mwanangu, ya chini si imeshuka? Zamani ilikuwa 90. Basi nimepona nusu." Nikamwambia, "Hapana mama, hiyo ya chini kushuka wakati ya juu inapanda ndiyo inayonitia wasiwasi." Foleni ilikuwa ndefu, sikumweleza kama alivyostahili. Naeleza hapa.

Moyo hautiririshi damu, huitoa kwa mkupuo. Anayeigeuza mikupuo hiyo kuwa mtiririko ni aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Moyo ukibana, aota hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo ukipumzika, aota hunywea na kuisukuma mbele. Namba ya juu hupimwa moyo unapobana. Ya chini ni msukumo unaobaki moyo ukiwa umepumzika, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya aota inayonywea.

Kunyumbuka huko kunatokana na nyuzi za elastini. Mwili huzitengeneza tukiwa tumboni mwa mama na katika utoto, kisha karibu hauziongezi tena. Nyuzi zile zile ndizo unazozeeka nazo. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo ukifika miaka 60 aota imetanuka na kunywea zaidi ya mara bilioni 2. Aliyewahi kumiliki manati anajua mpira unavyoishia. Nyuzi hukatika kidogo kidogo, na mzigo huhamia kwenye kolajeni, nyuzi nyingine za ukuta huo, zilizo ngumu kama kamba.

Wengi huchanganya jambo hili na mafuta kuganda ndani ya mishipa. Mara nyingi huandamana, lakini mshipa unaweza kuwa safi ndani na bado umekakamaa.

Sasa hesabu ya yule mama inaeleweka. Aota ngumu haitanuki vya kutosha, mkupuo unagonga ukuta, ya juu inapanda. Haikuhifadhi damu ya kutosha, haina cha kurudisha, ya chini inashuka. Kwa watu wengi njia za namba hizi mbili huachana kuanzia umri wa miaka hamsini na kitu.

Kuna na wimbi. Unachokigusa kwenye kifundo cha mkono ni wimbi linalokimbia kwenye ukuta wa mshipa. Damu yenyewe huja polepole zaidi. Kwenye aota ya kijana wimbi hilo huenda kama mita 6 kwa sekunde, na kwa mzee huweza kupita 10. Likikimbia hivyo, mwangwi wake kutoka mishipa ya mbali huurudia moyo ungali unabana, nao hulazimika kusukuma dhidi yake. Misuli ya moyo hunenepa. Tena moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati umepumzika, wakati ule ule msukumo umepungua. Ubongo na figo, ambazo mishipa yake iko wazi kupokea damu nyingi muda wote, hupokea kishindo ambacho zamani aota ilikimeza.

"Ni presha ya uzee tu, zoea." Kauli hii inaniumiza. Mwaka 1991 utafiti wa SHEP wa Marekani ulitoa matokeo ya watu zaidi ya 4,700 wenye miaka 60 na kuendelea, ya juu ikiwa 160 au zaidi na ya chini haijafika 90. Tiba iliyoanza na kidonge cha kutoa maji mwilini ilipunguza kiharusi kwa asilimia 36. Na umri haufanyi kazi peke yake: Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi, waliofuatiliwa katika miaka ya 1980, presha zao zilipanda mapema baada ya kuhama, na chumvi kwenye mkojo wao iliongezeka.

Yule mama nilimpima tena akiwa amesimama. Ya juu ilishuka hadi 144, na akashika meza. Mwili una vihisio vyake vya presha kwenye aota na mishipa ya shingo, navyo hutegemea ukuta unaotanuka. Ukikakamaa, taarifa kwamba presha imeshuka hufika hafifu kwenye ubongo. Kwa hiyo dawa nimemwanzishia kwa dozi ndogo, na binti yake nimemwomba usiku amkalishe kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, kabla ya kwenda msalani. Baada ya wiki mbili nitampima tena, amekaa na amesimama.