Mpango Mkuu wa Mashariki: Yaliyokipata Kijiji cha Skierbieszów

Mpango Mkuu wa Mashariki, kwa Kijerumani Generalplan Ost, ulikuwa mpango wa utawala wa Hitler wa kuwang'oa wenyeji wa Ulaya ya Mashariki katika ardhi yao na kuwaweka walowezi wa Kijerumani. Toleo la Juni 1942 liliandaliwa na Konrad Meyer, profesa wa kilimo aliyekuwa afisa wa SS, kikosi cha kijeshi cha chama cha Nazi. Inatisha kwamba maangamizi haya yalipigiwa hesabu mezani na msomi wa mashamba.

Vita viliwaendea Wajerumani vibaya, hivyo sehemu kubwa ilibaki kwenye makaratasi. Wilaya ya Zamość, mashariki mwa Polandi, haikunusurika. Novemba 1942 Heinrich Himmler, mkuu wa SS, aliitangaza kuwa eneo la walowezi. Wayahudi wengi wa huko walikuwa wameshauawa. Usiku wa kuamkia tarehe 28, ilikuwa zamu ya Wapolandi wa Skierbieszów.

Waliamriwa kutoka na vifurushi tu. Ng'ombe wakabaki zizini, nafaka ghalani. Katika kambi ya mpito mjini Zamość walichambuliwa kwa kigezo cha "damu": wachache wakaonekana wanafaa kugeuzwa Wajerumani, wenye nguvu wakapelekwa kufanya kazi Ujerumani, wengine kwenye kambi ya mateso na mauaji ya Auschwitz. Watoto wengi walitenganishwa na wazazi wao na kupakiwa pamoja na wazee kwenye mabehewa yasiyo na joto, katikati ya majira ya baridi. Wengi walikufa. Hadi Agosti 1943 watu wapatao 110,000 wa wilaya hiyo walikuwa wamefukuzwa kutoka vijiji karibu 300, na takribani 30,000 kati yao walikuwa watoto.

Mashamba yalipewa Wajerumani wa Bessarabia, eneo lililokuwa la Rumania, ambao nao walihamishwa kutoka kwao mwaka 1940 Wasovieti walipolitwaa eneo hilo. Horst Köhler, aliyekuwa rais wa Ujerumani kuanzia 2004 hadi 2010, alizaliwa Skierbieszów katika familia ya walowezi hao Februari 1943, miezi mitatu haijatimia tangu wenyeji wafukuzwe.

Wakulima hawakukaa kimya. Waliingia msituni, na vikosi vyao, Bataliony Chłopskie, vikapigana na Wajerumani huko Wojda Desemba 1942 na Zaboreczno Februari 1943. Mwaka 1944 Jeshi Jekundu la Wasovieti lilipokaribia, walowezi walikimbia na wenyeji walionusurika wakaanza kurudi. Lakini wapo watoto waliochukuliwa kwenda kulelewa kama Wajerumani ambao hawakurudi kamwe.