Mguu Haujui Jina la Pikipiki: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuhamia Mpangilio Mwingine wa Gia

Dereva anayekabidhiwa pikipiki ngeni huuliza kama ina mafuta, hujaribu breki, na akiwa mwangalifu hutazama bima. Swali ambalo husikika kwa nadra ni namna gia zilivyopangwa chini ya mguu wa kushoto. Wengi hulipata jibu barabarani, na barabarani si mahali pazuri pa kulipatia.

Kwa kuwa pikipiki nyingi za huku kwetu zina pedali ya gia yenye ncha mbili, nitatumia lugha ya vijiweni. "Mbele" ni kukanyaga kwa vidole, na "nyuma" ni kukanyaga kwa kisigino. Penye pedali fupi isiyo na ncha ya nyuma, kuinua pedali kwa mgongo wa kiatu hufanya kazi ileile ya kisigino, kwa sababu matendo yote mawili huizungusha shafti ya gia upande mmoja.

Dhana: "Gia ni gia, pikipiki zote zinaingia vilevile."

Mpangilio ulioenea zaidi duniani ni wa moja mbele na nyingine nyuma: gia ya kwanza huingia kwa kukanyaga vidole, frii, yaani hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote, hukaa kati ya ya kwanza na ya pili, na kuanzia ya pili kwenda juu hupandishwa kwa kisigino au kwa kuinua. Hata hivyo, pikipiki nyingi ndogo za gia nne zilizobuniwa kwa soko la India huingia zote mbele, yaani vidole hupandisha kutoka frii hadi ya nne na kisigino hushusha. Zipo pia zinazoingia zote nyuma, na zipo za mzunguko, ambazo baada ya gia ya juu kabisa hukurudisha frii na kuanza upya. Jina la kampuni halikusaidii kubashiri. Bajaj CT100 huingia zote mbele, ilhali Pulsar 150, inayotoka kampuni hiyohiyo, huingia moja mbele na nyingine nyuma. Kijana anayesema "mimi nimezoea Bajaj" hajakwambia lolote kuhusu mguu wake.

Zamani hata mguu wenyewe haukuwa mmoja. Pikipiki za Uingereza kama Triumph, Norton na BSA zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Kanuni za usalama za Marekani zilizoanza kutumika Septemba 1974 ndizo zilizotaka gia ziwe kushoto, na viwanda vilivyotegemea soko hilo vikalazimika kuhama. Norton ilipotoa Commando 850 Mk III mwaka 1975, gia zilikuwa zimeshavuka upande wa pili. India haikuwa na haraka hiyo: Royal Enfield Bullet iliendelea kubadilishwa gia kwa mguu wa kulia kwa miongo mingi. Anayepanda Bullet ya zamani leo akiwa na mguu uliofunzwa kisasa anakabiliwa na kosa baya kuliko yote nitakayoyataja hapa, kwa sababu anapotaka kufunga breki kwa dharura, mguu wake wa kulia hukanyaga gia.

Dhana: "Aliyeendesha miaka mingi hahitaji kujifunza upya."

Hii ndiyo dhana ninayoichukia zaidi, nami niliwahi kuiamini.

Mwanagenzi hana mazoea ya kuyafuta. Hufikiri kabla ya kila gia, hutazama chini, hukosea akiwa kwenye mwendo mdogo. Dereva mzoefu hafikirii, kwani mguu wake umeshajitenga na mawazo yake, na hicho ndicho tunachokiita uzoefu. Akibadilishiwa mpangilio, atauendesha vizuri maadamu anaukumbuka, na atausahau palepale jambo jingine litakapomshughulisha: mbuzi anayekatiza njia, abiria anayeuliza nauli, lori linalotoka kona bila honi. Hali ya dharura humrudisha mtu kwenye mazoea yake ya kale, na mazoea ya kale ndiyo yaliyo kinyume na pikipiki aliyoikalia.

Mwaka wangu wa saba wa kuendesha, nilikuwa nimezoea moja mbele na nyingine nyuma, nikaazima pikipiki ya zote mbele kushuka nayo kutoka Lushoto kwenda Mombo. Asubuhi nzima nilikuwa nikijikumbusha kwa sauti ndani ya helmeti. Kwenye kona mojawapo, gari likipanda upande wa pili, nilitaka kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili ili injini inishikie. Vidole vikakanyaga mbele kama vilivyofanya kwa miaka saba. Gia ikapanda ya nne. Mlio wa injini ukafifia, pikipiki ikawa nyepesi kama iliyoachiwa, na kona ikaja kwa kasi ambayo sikuipangia. Breki zilitosha, lakini zilitosha kwa sababu lami ilikuwa kavu, na hilo halikuwa juhudi yangu.

Kosa la upande wa pili ni kali zaidi. Dereva wa zote mbele anayepanda pikipiki ya moja mbele huongeza mwendo katika ya pili, injini inalia, anataka ya tatu, anakanyaga mbele. Pikipiki inashuka ya kwanza. Akiachia klachi, tairi la nyuma hulazimishwa kuufuata mwendo wa gia ndogo na huweza kuserereka, hasa kwenye tope au changarawe, na injini hupandishwa mizunguko kuliko ilivyoundiwa. Kwa hiyo wawili hawa hawahami kwa hatari sawa. Mmoja hupoteza msaada wa injini anapoteremka, mwingine hupoteza tairi la nyuma anapokimbia.

Kumbuka pia kwamba pedali haina kumbukumbu ya kukuonyesha. Kila unapoikanyaga huisogeza gia hatua moja kisha hurudi katikati, na ikikaa pale haitofautiani kama uko ya kwanza au ya nne. Mguu unajua upande tu. Upande ukiwa umebadilika, hauna kitu kingine cha kushika.

Njia ya kuufundisha si kuzunguka mtaani mpaka "uzoee". Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa, uzungushe tairi la nyuma kwa mkono ili meno ya gia yakutane, kisha panda na ushuke gia zote ukitaja kila moja kwa sauti. Baadaye nenda uwanjani, na huko zoezi liwe la kusimama kuliko la kuondoka. Watu wengi hujifunza kupandisha gia, wakaridhika, kumbe ajali huwasubiri kwenye kushusha. Mwenzako akuite "simama!" bila kukuonya, nawe ushushe gia huku ukifunga breki, mara nyingi, mpaka usiwe unashangaa mguu wako ulikwenda upande gani.

Dhana: "Shusha mpaka pedali igome, hapo uko salama."

Hata mguu ukishaujua upande mpya, mtego mwingine unabaki mwishoni mwa safari ya pedali, nao haujadiliwi vya kutosha.

Katika mpangilio wa moja mbele, ukishusha mpaka pedali ikatae, uko gia ya kwanza, na frii ni nusu hatua juu yake, ndiyo maana hupatikana kwa kugusa kidogo wala si kwa kukanyaga kwa nguvu. Katika mpangilio wa zote mbele, ukishusha mpaka pedali ikatae, uko frii. Sasa mfikirie aliyezoea zote mbele akiwa kwenye mataa na pikipiki ya moja mbele. Ameshusha mpaka mwisho, anaamini yuko frii, anaachia klachi ili apumzishe kiganja. Pikipiki inaruka mbele, mara nyingi kwenye bampa ya gari lililo mbele yake. Aliyezoea moja mbele, akiwa kwenye pikipiki ya zote mbele, hupatwa na aibu badala ya hatari: taa inawaka kijani, anaachia klachi, anapiga resi, injini inalia na pikipiki haiendi popote huku nyuma wakimpigia honi.

Taa ya kijani ya frii kwenye dashibodi ingemaliza tatizo hili kama zingekuwa nzima zote. Dereva wa pikipiki iliyochakaa aachie klachi polepole kila mara, breki ikiwa imeshikwa, hata kama ana yakini.

Gia za mzunguko zina neno lake. Baadhi ya watengenezaji huzuia mzunguko usikamilike pikipiki ikiwa kwenye mwendo, wengine hawazuii, na dereva aliyesahau kuwa ameshafika ya nne hukanyaga mbele tena akaangukia frii, kisha kwa mshangao akakanyaga mara nyingine na kuingia ya kwanza akiwa katika kasi ya ya nne. Ukihisi pikipiki imekuwa huru ghafla, shika klachi na ukanyage nyuma. Usiongeze.

Dhana: "Ncha ya nyuma ya pedali ni pambo, ikikusumbua, ikate."

Pedali ya ncha mbili ilienea Asia kwa sababu za kawaida kabisa: watu huvaa kandambili, viatu vya ofisi na viatu vya wazi, na kuinua chuma kwa mgongo wa mguu ulio wazi huumiza, na kwa kiatu cha ngozi huacha alama nyeusi isiyotoka. Honda Super Cub ya mwaka 1958, pikipiki ambayo kufikia 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100, ilitumia pedali ya aina hii bila mkono wa klachi kabisa, kwa kuwa pedali yenyewe ndiyo hufungua klachi inapokanyagwa. Pikipiki kubwa za safari za Harley-Davidson, zenye ubao wa kuwekea mguu mzima, nazo huja na ncha ya kisigino. Si kifaa cha maskini wala cha wazee.

Kinachowafanya watu waikate ni kwamba wenye miguu mikubwa hujikuta kisigino kimeikalia bila kujua. Malalamiko hayo yana haki, kwani kuegemeza mguu juu ya pedali muda wote huibana gia na kuchosha uma zinazozisukuma ndani ya giaboksi. Lakini ukiikata kwenye pikipiki ya zote mbele, umeondoa njia yako ya kushusha gia na kubaki na ile ya kuinua, tena chini ya kipande ambacho huenda hakikuundwa kuinuliwa. Geuza pembe ya pedali kwanza.

Dhana: "Pedali hukaa kama kiwanda kilivyoiweka, na kuigusa ni kuharibu giaboksi."

Giaboksi haijui pedali iko juu au chini. Inachopokea ni mzunguko wa shafti. Kwenye pikipiki nyingi ndogo pedali imebanwa kwenye meno ya shafti hiyo kwa boliti moja, ambayo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 10. Weka alama ya rangi mahali ilipokuwa, itoe boliti yote, kwa kuwa mara nyingi hupita kwenye mfuo wa shafti na pedali haitachomoka ikiwamo, kisha irudishe ukiwa umehama jino moja tu. Jino moja linaonekana dogo kwenye shafti, ila kwenye ncha ya kiatu ni tofauti kubwa. Hakikisha pedali haigusi injini wala stendi inapokanyagwa mpaka mwisho, upande wa mbele na wa nyuma. Pikipiki zenye fimbo ya kuunganisha hurekebishwa kwa kulegeza nati mbili na kuizungusha fimbo. Nati moja huwa na hesi ya kushoto, na fundi asiyelijua hilo huikaza akidhani anaifungua.

Penye fimbo hiyo, mkono wa kwenye shafti unaweza kupinduliwa ili mpangilio wote ugeuke. Madereva wa mashindano hufanya hivyo kwa makusudi, wakapata moja juu na nyingine chini, kwa sababu pikipiki ikiwa imelala upande wa kushoto hakuna nafasi ya kupitisha mguu chini ya pedali ili kuinua. Giaboksi haidhuriki. Anayeweza kudhurika ni mtu wa pili atakayeiendesha bila kuambiwa.

Dhana: "Ukishazoea mpya, umemaliza."

Hapa nawafikiria madeiwaka, ambao leo hupewa pikipiki ya huyu na kesho ya yule, na ambao hawana muda wa kusahau mpangilio wa jana. Kujifunza wa pili hakufuti wa kwanza. Mipangilio yote miwili hukaa, na mguu huchagua mmojawapo kwa kufuata dalili zilizo karibu, kama umbo la usukani, mlio wa injini au urefu wa kiti. Pikipiki mbili zinazofanana kwa nje na kutofautiana kwa gia ndizo mbaya zaidi, kwa sababu dalili hizo hazipo. Anayerudi kwenye pikipiki yake ya zamani baada ya miezi miwili hukosea vilevile, na hukosea kwa kujiamini zaidi.

Jirani yangu ana pikipiki mbili za kukodisha, moja ya zote mbele na nyingine ya moja mbele, rangi moja. Ile ya zote mbele ameifunga kipande cha mpira wa tairi la ndani, chekundu, kwenye mshikio wa kushoto, mahali ambapo kiganja hakiwezi kushika klachi bila kukigusa. Deiwaka wake wa kwanza alikifungua akisema kinamwasha mkono. Siku hiyohiyo jioni alikirudisha mwenyewe, na hakueleza kwa nini.